Leora, Maili Tatu Kusini

Mji wetu ulizaliwa mara mbili,
na ile mara ya kwanza haimo kwenye bango la barabarani.

Zilikuwapo nyasi, ndefu kumpita aliyepanda farasi,
na njia nyembamba ya Waoto wakienda kuwinda nyati,
iliyokanyagwa hata udongo ukawa mgumu kama sakafu.
Wakaja wapima ardhi na mnyororo wa chuma,
wakaikata nyika miraba miraba,
na ile njia, kwa kuwa ilipinda, haikuingia kwenye ramani.
Wenyewe waliondolewa, wakapelekwa kusini mbali.
Daftari letu la kwanza linawataja kwa maneno mawili:
"Ardhi tupu."

Gottlieb Trautwein akajenga kwa mabonge ya nyasi na mizizi yake.
Mvua ikinyesha siku moja, paa lilivuja siku tatu,
na Alvina mkewe alipika ameshika mwavuli.
Akaja mhunzi Mswidi, wakaja akina Kvasnicka na mbegu za kabichi,
ikaja kengele kutoka Sinsinati, na ufa wake.
Watu sitini na wawili. Wakauita Trautwein,
wakaketi kuisubiri reli.

Mtu wa kampuni alifika amevaa glavu za ngozi ya mbuzi.
Alitaka dola elfu nane.
Walichanga elfu mbili na mia moja, na ahadi ya ngano.
Mkono mtupu haulambwi:
reli ikapinda, ikapita maili tatu kusini,
na ya kwao ikipinda, ramani hupinda nayo.

Basi wakauhamisha mji.
Januari, theluji ilipoganda,
waliziinua nyumba kwa jeki, wakazilaza juu ya magogo,
wakafunga maksai arobaini.
Alvina alikataa kufunga duka.
Nimelishika daftari lake, wino umefifia:
*Jumatatu, robo maili. Misumari, mafuta ya taa.*
*Jumanne, nusu maili. Chumvi ratili nne, Bi. Kvasnicka, kwa mkopo.*
*Jumatano, hatukusogea. Maksai mmoja amekufa. Nimeuza mishumaa yote.*
Wateja walipanda duka likienda,
wakashuka mbele kidogo, vifurushi kwapani.

Kanisa lilikwama kijitoni wiki mbili,
na humo, kati ya mji na mji,
binti wa mhunzi akaolewa na Václav Kvasnicka,
sakafu imeinama, bibi harusi amejishikilia kwenye benchi.
Hao ndio walionizaa baba wa baba yangu.
Ukiniuliza kwetu wapi, nitakwambia:
maili moja na nusu.

Walipofika walikuta jina limeshabandikwa stesheni.
Leora, binti wa mkubwa fulani wa reli.
Hakuwahi kuja. Hata barua hakuleta.

Tulikua, sikatai.
Ghala la nafaka refu kuliko mnara wa kanisa,
benki mbili, na ikabaki moja, na ikabaki jengo,
bendi ya tarumbeta, shule yenye ghorofa,
watu elfu moja mia moja na arobaini,
na kijana mmoja aliyehesabiwa mara mbili kwa sababu alikuwa na pacha.
Leo tu mia tatu na kitu.
Reli waling'oa nilipokuwa darasa la sita;
tuliokota misumari yake tukaishia kuipoteza.

Makaburi hayakuhamishwa.
Kumi na tisa, kumi na moja ya watoto, msimu mmoja wa dondakoo.
Wawili ni wa Alvina.
Kila Jumapili, baada ya ibada, alikwenda kwa miguu,
maili tatu kwenda, tatu kurudi,
na daftari la duka halina neno juu ya hilo
ila jozi za viatu, nyingi mno kwa mwanamke mmoja.

Mimi ndiye ninayeshika funguo za duka sasa.
Watoto wa shule huja Ijumaa, nikawaonyesha mizani, jeki, kengele.
Wanachopenda ni sakafu.
Haikuwahi kukaa sawa tangu safari ile.
Ukiweka gololi katikati, ukaiacha,
itasita,
kisha itabingirika yenyewe hadi ukuta wa kaskazini.